Ratili Arobaini na Nne

Mizani ya ndoano ilikuwa imening'inizwa kwenye boriti ya karakana, na Rubani alikuwa na sheria moja juu yake: hakuna kinachopanda ndege yake kabla ya kupita hapo. Alipima mkoba wa Inspekta. Akapima chupa yake ya maji. Kisha akamwonyesha mizani ya pili, ile ya kusimama, akamwambia apande.

"Sina haja. Mimi ni kilo themanini," alisema Inspekta.

"Kila mtu ni themanini mpaka apande. Haya, panda, baba."

Inspekta akapanda. Sindano ilikimbia mpaka mia mbili na tano, akashuka haraka kama aliyekanyaga kaa la moto.

"Mizani yako ni mbovu, mama."

"Mizani yangu ni nzima. Inahesabu ratili, kwa sababu ndege hii imetengenezwa kwa ratili na kitabu chake kimeandikwa kwa ratili. Kilo ni za sokoni." Akaandika 205 kwenye karatasi ya uzito, akatia sahihi, akaibana kwenye ubao wa kuandikia. "Na ukitaka kujua, themanini yako ilikuwa ya miaka kumi iliyopita."

Ilikuwa saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na Inspekta tayari alikuwa anampenda mwanamke huyu, jambo ambalo halikuwa zuri sana kwa kazi yake. Rubani alikuwa na miaka sitini na moja, nywele fupi za mvi, na ndege moja ya viti sita aliyokuwa akiirusha juu ya makorongo ya jangwa kwa miaka thelathini na moja. Kesho yake saa nne asubuhi, baraza la usafiri wa anga lingekaa kuamua kama angeendelea kuirusha au angekabidhi leseni yake na kwenda nyumbani kumwagilia maua. Mpaka saa hiyo ifike aliruhusiwa kuruka, na Inspekta alikuwa ameomba jambo moja: warudie safari ile hatua kwa hatua.

Safari yenyewe ilikuwa ya siku nane nyuma. Profesa mmoja wa makumbusho, aliyechimba makorongoni miezi minne, alikuwa amepata taya la mnyama wa kale, mfupa uliokwishageuka jiwe, wa aina ambayo haijawahi kuonekana ikiwa nzima. Walilivika plasta, wakalifunga kwenye boksi la mbao. Dereva wa kambi akalipeleka kwa gari, pamoja na Profesa, hadi kwenye kiwanja kidogo cha juu ya makorongo. Hapo Profesa akapanda ndege na boksi lake. Walipotua mjini, Profesa aliingia ofisini kujaza fomu kwa dakika ishirini na kuliacha boksi ndani ya ndege, pamoja na Rubani. Lilipofunguliwa makumbusho mbele ya wakubwa watano na mpiga picha, ndani yake mlikuwa na mawe.

Kwa hiyo vidole vyote vilielekea kwenye zile dakika ishirini. Aliyekuwa peke yake na boksi ni Rubani, na hakuwa amejitetea kwa lolote zaidi ya kusema kwamba hakuiba. Faili ilikuwa na maelezo mengine mawili tu yenye uzito: kwamba Dereva aliyelifunga boksi alikuwa mdogo wake Rubani, tumbo moja, na kwamba Profesa hakuwa na shaka yoyote juu ya nani mwizi.

Kabla hawajapanda, Inspekta alitoa mfuko wa ushahidi na kumwonyesha jiwe moja lililotoka kwenye boksi. Lilikuwa jeusi, la duara, laini kama sabuni iliyotumika.

"Umewahi kuliona?"

Rubani alilitupia jicho, kisha akatazama pembeni. "Jiwe ni jiwe, Inspekta. Funga mkanda."

Mwanamke aliyepima chupa ya maji hakutaka hata kulishika jiwe. Inspekta alilirudisha mfukoni na kufunga mkanda.

Walipaa. Mji ulikwisha mara moja, mashamba yakafuata, halafu nchi ikaacha kabisa kujali watu. Chini yao jangwa lilikuwa tambarare la rangi ya mkate, na ghafla likapasuka. Korongo la kwanza lilikuja, la pili, kisha yakawa hayahesabiki, kuta nyekundu zilizoshuka mamia ya futi mpaka kwenye vivuli vya buluu, na huko chini kabisa kulikuwa na ufito mwembamba wa mto uliokauka. Jua lilipiga upande mmoja tu wa kila genge. Rubani aliinamisha bawa kidogo ili mgeni wake aone vizuri.

"Asubuhi ndiyo saa yake," alisema kwenye kipaza sauti. "Adhuhuri yote yanakuwa bapa, huoni kina. Nimepita hapa mara elfu ngapi sijui, na bado nainamisha bawa."

Inspekta alikuwa na furaha, wala hakuona sababu ya kuificha. Alitazama mpaka shingo ikauma. Kisha, kwa kuwa serikali haikumlipia kutazama, akafungua faili magotini.

Kulikuwa na ukurasa ulionakiliwa kutoka daftari la Profesa: *boksi, pamoja na plasta na taya, kilo 26.* Kulikuwa na karatasi ya uzito ya Rubani ya siku ile: abiria mmoja mbele, mkoba wake, na mkiani boksi moja, 44. Askari wa kituo aliyezisoma zote mbili alikuwa ameandika pembeni kwa kalamu nyekundu: *44 ni pamoja na vitu vingine.* Inspekta alikuwa amesoma maneno hayo jana yake, akatikisa kichwa kukubali, akala chakula chake. Sasa, akiwa na ratili mia mbili na tano rasmi, aliyasoma tena na kuona aibu.

"Mama, kilo moja ni ratili ngapi?"

"Mbili na kidogo."

Alihesabu kwa kalamu kwenye goti la suruali. Ratili arobaini na nne ni kilo ishirini. Taya na boksi lake zilipaswa kuwa ratili hamsini na saba. Akapekua faili mpaka kwenye orodha ya ghala la vielelezo: boksi la mawe, lilivyofika kutoka makumbusho, kilo ishirini kamili.

"Uliandika arobaini na nne," alisema. "Ulilipima kweli?"

"Napima kila kitu."

"Basi sikiliza. Boksi ulilolipima kule juu lilikuwa na uzito uleule wa boksi la mawe lililofunguliwa makumbusho. Maana yake mawe yalipanda ndege kule kiwanjani, kabla hujawasha injini. Zile dakika ishirini za mjini hazina kosa lolote. Kesho hawatakuwa na la kukuuliza."

Alingoja ashukuru, au angalau ashushe pumzi. Rubani hakufanya hata kimoja. Alisogeza usukani kidogo, akarekebisha mwelekeo.

"Labda nilikosea kupima," alisema. "Andika hivyo. Mimi ni mzee, macho yamechoka."

Inspekta alimtazama kwa upande. Kwa miaka ishirini na sita ya kazi alikuwa amekutana na watu wengi wanaokataa kosa lao. Anayekataa kutokuwa na kosa alikuwa hajamwona. Hakuandika chochote.

Kiwanja kilikuwa kipande cha changarawe juu ya genge, na kando yake kibanda kimoja cha mabati. Dereva alikuwa amekwishafika kutoka kambini na gari lake, amesimama kivulini, mtu mpana wa miaka hamsini hivi mwenye vumbi hadi kwenye kope.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Umekula?"

"Nimekula."

Basi. Hawakutazamana. Inspekta alijua nyumba ambamo watu hutengana kwa kelele, na nyumba ambamo hutengana kwa adabu, na hizi za pili ndizo humchosha mpelelezi.

Aliomba kila mtu asimame alipokuwa siku ile. Rubani alisimama mkiani mwa ndege, chini ya mizani ya ndoano iliyofungwa kwenye bawa. Dereva alienda kwenye gari lake, umbali wa hatua sitini, akalala chali chini yake. "Nilikuwa najaza upepo matairi, pampu imefungwa huku chini," alieleza kutoka huko. "Mchanga tunaupita na matairi laini. Ukifika kwenye mwamba unajaza tena, la sivyo yanapasuka."

"Na boksi?"

"Ndani ya kibanda. Profesa alitaka likae kivulini mpaka ndege ije."

Inspekta aliingia kibandani. Hapakuwa na cha maana: ndoo, ufagio, ubao mweusi na kipande cha chaki. Lakini sakafu ilikuwa na vumbi la miaka, na ndani ya vumbi kulikuwa na mistatili miwili misafi, mmoja karibu na mlango, mmoja ukutani nyuma. Ukubwa wao ulikuwa sawa.

"Mama, kilikaa nini hapa?"

Rubani alikuja mpaka mlangoni. "Vitu vya marubani."

"Vitu gani?"

Ilimlazimu kueleza, na kwa kuwa ilikuwa kazi yake hakuweza kueleza vibaya. Ndege ndogo ikiwa na watu wawili mbele na nyuma tupu, pua inakuwa nzito na kutua kunakuwa kwa hatari. Kwa hiyo rubani huweka uzito mkiani. Kwenye makorongo haya walitumia maboksi ya mawe. Yeye ndiye aliyeyatengeneza yote, mwaka aliponunua ndege, akayapaka mstari mweupe na kuyajaza mpaka kila moja likawa ratili arobaini na nne, wala si zaidi. Mawili yalikaa hapa daima. Rubani yeyote aliruhusiwa kuazima, mradi aandike ubaoni na arudishe.

"Kila moja arobaini na nne," alirudia Inspekta.

"Ndiyo."

"Na mawe yake unayatoa wapi?"

Rubani aligeuka akaelekea kwenye ndege yake. Inspekta alizunguka nyuma ya kibanda na kuyakuta: chungu ya mawe meusi ya duara, laini, yamemwagwa yote mahali pamoja, kwenye ardhi ambayo mawe yake yote mengine yalikuwa mekundu yenye ncha. Askari waliotafuta siku tano nyuma waliipita chungu hiyo mara nne. Nani atatafuta mawe jangwani? Alitoa lile jiwe la mfukoni, akaliweka juu ya wenzake, na likapotea kati yao.

Aliporudi, Rubani alikuwa anatazama ndege yake.

Ubaoni palikuwa na mwandiko mkubwa wa chaki: *Nimechukua moja. Nitarudisha. Mrefu.* Tarehe ilikuwa ya siku iliyofuata ile ya Profesa.

"Huyu Mrefu ni nani?"

"Rubani wa hoteli ya mahema, chini kwenye korongo kuu."

"Tunaweza kuruka mpaka huko?"

"Si saa hizi. Upepo wa mle ndani ukishaamka, ndege haishuki mpaka jioni. Kwa gari ni saa mbili." Alisita. "Nenda na mdogo wangu. Mimi nitakaa na ndege."

Barabara ilishuka genge kwa mizunguko kumi na saba, kila mmoja mwembamba kuliko uliopita, na Dereva aliishusha kwa mkono mmoja huku akimenya chungwa kwa mwingine. Inspekta alipendezwa na kila kitu isipokuwa chungwa. Chini, mwamba ulikwisha na mchanga mwekundu ukaanza, kati ya kuta zilizopanda juu mpaka anga ikawa ukanda. Dereva alisimamisha gari, akashuka, akapiga magoti mbele ya tairi la kwanza na kuanza kupunguza upepo. Inspekta aliketi kwenye jiwe karibu naye. Matairi ni manne, na mtu aliyepiga magoti na kipimo cha upepo mkononi hana pa kukimbilia.

"Nani aliyamwaga mawe nyuma ya kibanda?"

Upepo ulipiga mluzi kwenye tairi. Dereva aliusikiliza mpaka kipimo kikafika alipotaka.

"Mimi."

"Kwa nini?"

"Maboksi yalituishia kambini. Profesa alikuwa ananisumbua, nataka boksi imara, nataka boksi imara. Nikakumbuka ya dada. Nilipoleta mapipa ya mafuta huku juu nilimwaga mawe ya moja, nikaenda nalo. Tukaweka taya humo." Alihamia tairi la pili. "Sikumwomba."

"Mbona hukusema? Umehojiwa mara tatu."

"Inspekta, polisi wakinifunga watanitoa. Dada yangu akijua nimegusa boksi la mkia atanisema mpaka siku ya mazishi yangu, na siku hiyo atasimama pale awaeleze waombolezaji." Alijaribu kucheka, halafu akaacha. "Ndege bila lile boksi inaweza kuanguka. Nilijua. Nilipanga kulirudisha."

Kulikuwa na kitu kingine nyuma ya maneno hayo, lakini Inspekta alikiacha kwa sasa. Matairi yalikuwa yamebaki mawili.

"Siku ile, kibandani mlikuwa na maboksi mawili, basi. Moja la mawe, moja la taya. Yote yana mstari mweupe."

"Ndiyo. Langu nililiweka ukutani, nyuma, ambako jua haliingii kabisa. La mawe lilikuwa mlangoni."

"Nani aliyetoa boksi kibandani na kulipeleka kwenye ndege?"

"Profesa mwenyewe. Alikuwa na haraka. Mimi nilikuwa chini ya gari, nilimsikia tu akipiga kelele, nimelichukua, nimelichukua."

Inspekta alifungua faili na kusoma maelezo ya Profesa kwa sauti, polepole, kwa sababu yalikuwa yanampa raha. "*Nililitambua boksi langu kwa mstari wake mweupe. Nililibeba kwa mikono yangu mwenyewe, peke yangu, na tangu hapo sikuliondolea macho hadi mjini.*" Akakunja karatasi. "Pale kambini, mlipolipakia kwenye gari, mlikuwa watu wangapi?"

"Wawili. Mimi na mpishi. Tena mpishi alilalamika."

"Na Profesa ana miaka mingapi?"

"Sitini na nane. Mgongo wake mbovu, lile hawezi kulinyanyua..."

Dereva aliacha katikati. Kipimo kilimning'inia mkononi, na tairi la tatu likaendelea kutoa upepo mpaka Inspekta akamwonyesha kwa kidole. Alilifunga haraka, akalishughulikia la nne, na walipoingia mchangani aliendesha kasi kuliko barabara ilivyotaka. Chungwa lilibaki juu ya dashibodi.

Hoteli ilikuwa mahema kumi na mawili kwenye kivuli cha genge, na ndege moja nyeupe mwisho wa kiwanja cha mchanga mgumu. Mrefu alikuwa chini ya bawa lake, kwenye kiti cha turubai, na miguu yake ilianza hapo na kumalizikia mbali sana. Alisimama kuwasalimu kwa hatua kadhaa.

"Boksi la mkia ulilochukua kule juu," alisema Inspekta. "Liko wapi?"

"Kumbe bibi amenishtaki?" Mrefu alionekana na aibu ya kweli. "Nilikuwa nirudishe wiki hii. Mwambie pia lile boksi lake siku hizi si la kuaminika. Nilipaa nalo mara moja tu, mkia ukawa mzito, ndege inainua pua kama ngamia anayekataa mzigo. Nikasema, bibi kaongeza mawe, au uzee umeanza."

"Hukulipima?"

"Boksi la bibi? Nani hupima boksi la bibi? Yeye akishasema arobaini na nne, ni arobaini na nne."

"Hukulifungua?"

"Nifungue mawe niyatazame?"

"Liko wapi?" aliuliza Dereva, na sauti yake haikuwa na adabu tena.

Mrefu alionyesha. Chini ya mlango wa ndege, mahali ambapo mguu wa mtu mfupi haufiki, palikuwa na boksi la mbao lenye mstari mweupe, na juu ya mstari alama za viatu. "Linafaa sana kwa wageni kupandia. Lina utulivu, halitikisiki. Nadhani wamekanyaga watu arobaini tangu wiki ile. Kuna bwana mmoja, ndiyo, yule alikuwa mkubwa kidogo."

Dereva alikwishapiga magoti. Misumari aliitambua, kwa sababu aliipiga mwenyewe. Inspekta alimpa kisu, na kifuniko kilipoinuka waliona nyasi kavu, halafu plasta nyeupe, na juu ya plasta namba ya wino kwa mwandiko wa Profesa. Dereva alipitisha kiganja taratibu kutoka mwanzo hadi mwisho, akatafuta ufa. Alirudia upande wa pili.

"Nzima," alisema. Alikaa mchangani na kufuta uso kwa mkono wenye vumbi, na haikusaidia.

Mrefu aliangalia ndani, kisha akamwangalia Inspekta. "Hayo si mawe."

"Ni jiwe," alisema Inspekta, "ila la zamani kidogo."

Walirudi juu saa tisa na nusu, boksi likiwa limefungwa mikanda kwenye kiti cha nyuma kama mtoto wa tajiri. Rubani alilitazama likishushwa. Aliona jinsi lilivyohitaji watu wawili, na Inspekta akaona kwamba ameelewa. Alileta mizani ya ndoano, wakalitundika, sindano ikasimama kwenye hamsini na saba.

"Ni Profesa," alisema Inspekta. "Alichukua lako la mlangoni, akaliacha lake ukutani, na kesho yake Mrefu akaondoka nalo. Hakuna aliyeiba. Kesho saa nne nitawasomea baraza ukurasa mmoja, na kabla chai haijapoa utakuwa na leseni yako. Ila kuna jambo." Aliketi kwenye kizingiti cha kibanda, kwa kuwa lililobaki halikuwa la kusema umesimama. "Jiwe lile ulilijua tangu walipokuonyesha mara ya kwanza. Ungesema siku ileile kwamba ni la kwako, wangekuja moja kwa moja kwenye kibanda hiki. Umekaa siku nane unangoja wakunyang'anye ndege. Sheria ina jina la kuwaficha polisi jambo, mama. Nataka sababu kabla sijaamua kama nimesahau kuuliza."

Rubani alipitisha kidole kwenye karatasi ya uzito, ingawa haikuwa na kitu cha kusahihisha.

"Siku ile Profesa alilileta boksi limefunikwa shuka, mstari sikuuona. Lakini yale mawe niliyaokota mwenyewe mtoni, moja moja. Nilipoyaona yametoka kwenye boksi la Profesa, nikajiuliza nani anaweza kuyafikia, na nani aliyelifunga lile boksi." Hakumtazama mdogo wake. "Nikaona leseni ni karatasi. Waichukue."

Dereva alikuwa anafunga mikanda ya gari. Aliiachia.

"Dada. Ulidhani nimeiba?"

"Ndiyo."

"Na ukanyamaza siku nane?"

"Ulitaka nikutangaze?"

Dereva alikuja mpaka kwenye kivuli cha bawa na kusimama hapo, mikono yake haina kazi. Inspekta aliona kile kitu kilichokuwa nyuma ya maneno kule mchangani kikija juu chenyewe, na hakukisaidia.

"Mimi lile taya nililifunga kwa mikono yangu," alisema Dereva. "Niliposikia yamefika mawe, nilijua halikubadilishwa kambini wala njiani. Nikajua limebadilishwa ndani ya ndege."

Rubani alishusha karatasi ya uzito.

"Kwa hiyo ulidhani ni mimi."

"Ndiyo, dada."

"Ndiyo maana hukusema habari ya boksi."

"Ningesema wangejua mawe ni ya kwako. Huyu Inspekta nilimwambia naogopa ulimi wako. Hiyo ilikuwa nusu."

"Miaka thelathini na moja," alisema Rubani, "sijachukua hata sindano ya mtu."

"Na mimi je? Nimechukua nini cha mtu?"

"Boksi langu la mkia."

Rubani alianza kucheka, na kicheko kikamgeuka katikati, akalia, na alikuwa na hasira bado, na hakuficha hata kimoja. Mdogo wake alimshika bega. Aliliacha lishikwe.

Inspekta aliinuka, akajipangusa vumbi. "Katika maelezo nitaandika kwamba mashahidi wawili walichelewa kusema kwa sababu kila mmoja alikuwa anamlinda mwenzake asiye na kosa."

"Usiandike hilo," alisema Rubani. "Baraza litatuona wajinga."

"Nyinyi ni wajinga, mama."

Rubani alifuta uso kwa kona ya shati, akachukua kalamu, akaandika: mkiani, 57. Alihesabu upya uzito wote, kidole kikifuata tarakimu, akatia sahihi. Kisha akamgeukia mdogo wake.

"Kesho saa nne unakuja?"

"Nakuja."

"Vaa shati lenye kola."